Kuku wa Ubia

Kitendawili: huvuana nguo na mikono hawana. Ukishindwa nipe mji, nami nikupe jibu: ni kuku wa uani kwa Bi Zamzam, ile nyumba ya vyumba sita nyuma ya barabara ya Msimbazi, pale ambapo harufu ya Kariakoo hufika kabla ya kelele zake.

Celina aliwaona asubuhi alipofungua banda. Tetea mwekundu waliyemwita Kishungi alitoka mgongo mtupu, ngozi imeiva kama ya mtoto aliyemwagikiwa uji, na mkiani damu imeganda. Nyuma yake wakatoka wenzake. Mmoja alikuwa na unyoya mdomoni, akawa anaumeza polepole, kama mtu anayemeza tambi.

"Shikamoo, Mama. Njoo uone, wamemvua tena."

Bi Zamzam akatoka akishika ukuta, maana sukari ilikwishamla nguvu za miguu. "Marahaba, mwanangu. Nani leo?"

"Kishungi."

"Yuleyule?" Akainama, akamtazama kuku, na kuku naye akamtazama. "Lo! Mgongo wazi, kama maharusi wa siku hizi. Basi na tumkatie kipande cha kanga."

Celina akacheka, ila kicheko hakikwenda mbali. Kuku wale walikuwa wa ubia. Bi Zamzam alitoa mbegu, Celina akatoa mikono, na kila vifaranga wakikua hugawana nusu kwa nusu. Tena kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kulisema kwa sababu halikuhitaji kusemwa: kuku yeyote wa uani ule, wa nusu ya huku au ya kule, alichinjwa na Mzee Muhiddin wa nyumba ya pili. Celina na mumewe Athanas walikuwa Wakristo, watu wa Ndanda huko kusini, na kisu walikuwa nacho. Lakini anayejichinjia hula peke yake, na katika uani ule chungu kilikuwa kimoja. Bi Zamzam akipika mchuzi, bakuli la Celina limo. Celina akipika kisamvu, sahani ya Bi Zamzam imo.

Zamani kuku walizunguka uani kutwa, wakichakura chini ya kamba za nguo. Sasa Anuari, mtoto wa Bi Zamzam, alikuwa ameujaza uani maboksi ya viatu, yamepangwa mpaka juu na kufunikwa turubai. Banda likasukumwa katikati ya choo na ukuta, bati juu, jua juu ya bati. Watu wakibanwa husemana. Kuku hawana maneno.

Fakhriya, mke wa Anuari, akapita na ndoo ya maji. Akalitazama banda, akavuta mtandio puani. "Kuku wakianza kulana, nyumba ina jicho," akasema. "Au aliyewashika ana mkono mbaya. Sisemi mtu."

"Umeshasema," Bi Zamzam akamjibu. "Pita na maji yako."

*

Celina alimngoja Anuari hadi alipotoka kunywa chai, akiwa na funguo za duka mkononi.

"Anuari, samahani. Yale maboksi ya mwisho yakisogezwa kidogo tu, kuku wangepata pa kutembea. Wanaumizana."

"Watembee waende wapi, dada Celina? Hapa mjini watu wenyewe hatuna pa kutembea." Akacheka, lakini hakuondoka. "Halafu nikwambie kitu. Nafasi naitafuta mimi. Hicho chumba chenu nimemwomba Mama mara ngapi? Kingenitosha kabisa kwa stoo. Ananiambia, Celina ni mwanangu, simtoi mwanangu niweke viatu. Leo wewe unataka unitolee viatu uweke kuku!"

Celina naye akacheka. Mpangaji hucheka.

"Isitoshe," Anuari akaongeza, "aliyeyapanga hayo ni mzee wako. Muulize vizuri."

Ni kweli. Athanas alikuwa mchukuzi sokoni, na mizigo ya Anuari ndiyo iliyompa kazi ya uhakika. Jioni alipokaa kitini kuvua raba, Celina akamtazama, akamwekea maji ya kunawa.

"Nilibeba mimi," Athanas akasema. "Ulitaka nisibebe?"

"Sijasema kitu."

"Umenitazama."

Kesho yake Celina akaenda Buguruni kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa mama mwenye miwani, akamsikiliza hadi mwisho huku akipanga chupa.

"Huo si ugonjwa, ni msongamano," akasema. "Wape majani, wape dagaa, wapunguze. Na mwenye jeraha mtenge. Kuku akishaona nyekundu haachi."

"Nimtenge wapi, mama? Pale hata pa kuweka beseni hapapo."

"Hilo sasa, dada yangu, mimi siliuzi."

Akaokota mabua ya mchicha sokoni, akayatundika bandani ili midomo yao iwe na kazi. Bi Zamzam naye akaleta shubiri. "Ndiyo tunayowaachishia watoto ziwa. Mpake mgongo mzima. Atakayeonja atamlaani mama yake." Wakampaka Kishungi, mmoja kamshika mbawa, mwingine anapaka, wakicheka kama wasichana. Kuku wakaonja, wakatikisa vichwa, wakafuta midomo chini, kisha wakaonja tena.

"Makubwa," Bi Zamzam akasema. "Hawa wamezoea uchungu kuliko sisi."

*

Wiki ile ikaja habari njema. Hafidhi, kijana wa ukoo wa wenye maduka ya vitambaa, alikuwa amemtaka Anfal, binti wa Anuari. Mama yake, Bi Amira, angekuja na dada zake Ijumaa alasiri kumtazama mchumba na kula chakula. Fakhriya akapiga deki hadi kuta. Anfal akapakwa hina.

"Kuku wanne," Bi Zamzam akaamua. "Wa nusu yangu. Pilau ya kuku wa kienyeji, wasije wakasema tumewalisha kuku wa barafu. Celina, utanichagulia."

"Na Kishungi awemo, Mama. Anateseka."

"Awemo. Aliyevuliwa nguo asiachwe barazani."

Alhamisi jioni Celina akawachagua wanne, akawatia ndani ya tenga tayari kwa kesho, na akalifunika kwa gunia. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa wema. Aliona kuku wa wageni wasichafuke bandani. Hakuona kwamba amechukua wale waliobanwa na kuwabana zaidi, na mwenye jeraha yumo katikati yao.

Ijumaa adhana ilipolia, mtaa ukamimina wanaume wake. Anuari akaenda, Mzee Muhiddin akaenda, hata muuza kahawa wa kona akaliacha birika lake juu ya makaa. Fakhriya na Anfal walikuwa chumba cha mbele wakitandika mikeka. Bi Zamzam alikuwa juu ya msala. Celina alikaa uani akimenya kitunguu saumu, ndipo aliposikia tenga linagonga sakafu.

Akaondoa gunia. Wale watatu walikuwa wamembana Kishungi pembeni. Hawakutaka manyoya tena, manyoya yalikwisha. Mmoja alikuwa ameshika kitu chembamba, chekundu, anakivuta kwa kurudi nyuma, na kitu chenyewe kilitoka tumboni mwa Kishungi. Kishungi hakulia. Alisimama tu, macho yakifumba na kufumbua.

"Mama!" Celina akaita. "Mama! Fakhriya!"

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya Bi Zamzam ikipanda, "Allahu Akbar," ile ya mtu anayetaka ujue kwamba amekusikia lakini yuko mbele ya Mungu.

Celina akamtoa kuku. Alikuwa mwepesi na moto. Akifa hivi hivi ni kibudu, ni wa kutupa jalalani, na kiumbe kizima kitakuwa kimeteseka bure. Akashika kile kisu cha vitunguu. Alikuwa amemshikia Mzee Muhiddin kuku wengi mno asisahau hatua hata moja. Akamlaza upande wa kushoto, akamwelekeza kibla, akakanyaga mbawa. "Bismillahi," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa na hakika kama neno lile litakubaliwa likitoka mdomoni mwake, akanong'ona pia: "Kwa jina la Baba, na la Mwana." Akachinja.

Hakuwa na nia mbaya. Kuku huyu, aliwaza, tutakula mimi na Athanas. Akamtia ndani ya ndoo yake mlangoni pake, juu akafunika ungo. Akaenda bandani, akatoa jogoo mweupe wa nusu yake mwenyewe, akamtia ndani ya tenga mahali pa Kishungi. Wanne wakatimia. Wala hakuona sababu ya kusema. Amechoka kuulizwa kuku wako wana nini, amechoka kusikia habari za mkono mbaya. Nitamwambia Mama jioni, akawaza, wageni wakishaondoka.

Hajanawa vizuri, Fakhriya akatokea mlangoni. "Celina wewe, iliki hakuna! Na viazi havitoshi. Sokoni mara moja, shoga yangu, wageni wako njiani."

Akaenda.

*

Ijumaa mchana Kariakoo haipitiki. Aliporudi alasiri, kapu kichwani, harufu ya pilau ilimpokea tangu kona. Alipoingia uani akaiona ndoo yake imeoshwa, imeinamishwa ukutani ikauke. Ungo uko kando.

"Fakhriya. Kuku wa kwenye ndoo yangu yuko wapi?"

Fakhriya alikuwa anapalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria kubwa, uso unang'aa kwa jasho. "Si nimemtia! Umekawia, iliki nimeazima kwa jirani. Kidogo kaliwa nyuma, nikapakata nikatupa, kwingine mzima. Ahsante wewe! Mama kafurahi mpaka kakuombea dua. Anasema wanne wake, na wa tano kamtunza Celina."

"Nani alikuambia umtie?"

"Kwani hajachinjwa? Babu katoka msikitini kachinja wale wa tenga, na huyu nimemkuta ndooni amechinjwa safi. Na hapa anachinja nani kama si Babu Muhiddin?"

Celina akashusha kapu. Viazi vikabingirika, hakuna aliyeviokota. "Nilimchinja mimi."

Fakhriya akabaki na koleo mkononi. Ndani ya nyumba zilisikika sauti za wanawake wakisalimiana, na udi umewashwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi na mimi sijui." Akaweka koleo chini taratibu. "Hukuniambia, sikusikia. Kuku wote watano wamo humu, nyama yao na mchele wao. Nitawapa nini wale? Chai na viatu?"

"Fakhriya, Mama atakula."

"Atakula kwa kutojua, na asiyejua hana dhambi. Nyamaza, Celina. Namtafutia mwanangu mume, sitaki jingine. Ukisema, mimi simo."

Celina akanyamaza. Akasaidia kupakua. Mikono yake ilipakua vizuri kama siku zote, vipande vya nyama juu, kachumbari pembeni, na moyo wake ukawa unamwambia kwamba ukimya si uongo, kwamba kuku alitajiwa Mungu, kwamba mlango ukifungwa jioni hakuna atakayepungukiwa. Pengine angeweza. Watu wamenyamazia makubwa kuliko hilo wakazikwa kwa heshima.

Lakini Bi Zamzam akamwita.

"Celina! Njoo huku, usijifiche jikoni." Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, sinia mbele yake na wageni wamelizunguka. Bi Amira alikuwa mwanamke mwembamba, kajitanda buibui la hariri, vidole vimejaa pete. "Bi Amira, unamwona huyu? Usimwone mtu wa kusini. Huyu ni mtoto wangu wa kumlea ukubwani. Kuku wangu anafuga yeye, miguu yangu anakanda yeye. Na leo kwa furaha ya Anfal kanitilia kuku wa nusu yake, bila kuombwa. Nani siku hizi anafanya hayo?"

"Mashallah," akasema Bi Amira, akamtazama Celina kuanzia miguuni.

"Basi tule. Mkubwa ndiye afunguaye." Bi Zamzam akafinyanga tonge, akalipachika kipande cha paja. "Bismillahi." Akalipeleka kinywani.

"Mama, usile."

Tonge likasimama hewani.

"Usile, Mama. Kuku mmoja nilimchinja mimi. Wenzake walimtoa utumbo, na Babu hakuwepo, na wewe ulikuwa unasali. Niliona atakufa. Sikutaka aingie humu. Nilimweka kando."

Hakuna aliyepiga kelele, na ndilo lililokuwa baya. Bi Amira akalirudisha tonge lake siniani, akafuta vidole kimoja kimoja kwa leso, pete kwa pete. "Alhamdulillahi," akasema kwa upole. "Mungu ametusitiri. Chakula tutakula siku nyingine, inshallah." Akainuka, na dada zake wakainuka. Mkoba mmoja uliokuja umejaa, wenye kitambaa cha mchumba ndani, uliondoka umejaa vilevile. Hawakusema posa imevunjika. Waungwana hawasemi.

*

Anuari alisimama uani amevaa kanzu yake nyeupe, hajui pa kuweka mikono. Mzee Muhiddin aliitwa, akaja na fimbo, akaomba kiti.

"Ulitaja jina la nani?" akamwuliza Celina.

"La Mungu, Babu. La kwenu na la kwetu."

Mzee akakuna ndevu. "Vitabu vina maneno marefu juu ya hili. Wako wanaosema chakula cha watu wa Kitabu..."

"Babu," Anuari akamkatiza, "vitabu tutafungua kesho. Leo mwanangu ameachwa mkekani mbele ya mji mzima. Habari itafika Mchikichini kabla ya magharibi: kwa kina Anuari wanalisha wageni kibudu."

"Mimi ningejuaje?" Fakhriya akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Mtu umemwamini miaka yote hii! Anakaa kimya, chakula kinaiva, kinapakuliwa, anakaa kimya! Kumbe jicho lilikuwa hapahapa."

Celina akamtazama. Fakhriya hakupepesa. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na Anuari angegeuka. Lakini nyuma ya pazia alimwona Anfal, mikono ya hina ameifumbata kifuani, akaona wamekwishavuliwa watu wa kutosha siku ile.

"Mwisho wa mwezi, dada Celina," Anuari akasema. "Unisamehe. Chumba nakihitaji."

Wote wakamgeukia Bi Zamzam. Walijua kinachofuata, kwa kuwa kila mara Anuari akilisema hilo, mama yake huwa na jibu moja. Athanas, aliyekuwa amerudi kutoka sokoni na kusimama mlangoni, naye alilingoja. Celina alimtazama mdomo.

Bi Zamzam akafungua kinywa, akakifunga. Akamtazama mjukuu wake, akaitazama sakafu.

"Nipelekeni ndani," akasema. "Miguu inaniuma."

*

Kabla ya magharibi Fakhriya na Anuari walilibeba lile sufuria, huku na huku, wakaliweka mlangoni kwa Celina.

"Kuleni, ni halali yenu," Fakhriya akasema. Akavuta mtandio, akaongeza bila kumtazama: "Na sufuria msilirudishe."

Wakabaki wawili na chakula cha watu ishirini. Kilijaza chumba, mvuke wake ukapanda mpaka kwenye dari. Mdalasini, iliki, nyama iliyoiva ikaachana na mfupa. Nje majirani walipita polepole kuliko kawaida.

"Ungenyamaza," Athanas akasema.

"Angekula."

"Wangekula wote, na kesho tungeamka hapa." Hakuwa amekula tangu alfajiri, na siku nzima alikuwa na magunia mgongoni. Akachukua sahani, akapakua, akala huku amempa mkewe kisogo, haraka, kama mtu anayeiba. Celina aliyasikiliza meno yake. Yeye hakuonja. Ilikuwa pilau nzuri kuliko zote zilizowahi kupikwa katika uani ule.

Asubuhi akagawa kilichobaki kwa wachukuzi wenzake Athanas, waliokuja na mifuko wakashukuru na hawakuuliza. Kisha akalisugua sufuria kwa majivu na mchanga, nje na ndani, hadi likawa linatoa sura ya mtu. Aliambiwa asilirudishe, na alikuwa amelisikia neno. Lakini alilelewa kujua kwamba chombo cha watu hurudi kwao, tena hakirudi kitupu. Akaenda bandani. Kuku walikuwa wameshaanza kwa mwingine, yule mweusi. Akaokota mayai matatu yaliyokuwa na joto bado, akayalaza ndani ya sufuria juu ya kitambaa.

Akafika mlangoni kwa Bi Zamzam. Miaka yote hiyo hakuwahi kusimama pale, alikuwa anapita tu, akisema "Mama nimekuja" akiwa tayari yumo ndani. Safari hii akasimama. Pazia lilikuwa limeshushwa.

"Hodi," Celina akasema.

Akalisogeza sufuria kifuani.

"Hodi, wenyewe."

Ndani, Bi Zamzam alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye lile pazia. Hatua zile alizitambua tangu uani. Alijua hata kilichobebwa, maana alilisikia sufuria likigonga ukuta. Akashika shungi lake, akaliuma pembeni, akaliachia.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Mimi nani?"